MAARIFA KWA WOTE: Chombo Kikilala Upande, Ni Nini Kinachokiinua?

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, manowari kumi na moja za Uingereza zilikuwa zikisafiri kwa tanga karibu na rasi ya Finisterre, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Upepo ulikuwa umekaza, mvua ilinyesha, na bahari ilikuwa imechafuka. Kulipopambazuka, manowari zikahesabiwa. Zilikuwa kumi.

Iliyokosekana ni manowari Captain, chombo kipya kilichokuwa kimesifiwa sana kote Uingereza. Zaidi ya watu 470 walizama pamoja nacho. Waliookoka walikuwa 18 tu, waliofika pwani kwa mashua moja. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtu yule yule aliyeibuni manowari hiyo, Kapteni Cowper Coles. Alikuwamo pia kijana wa Hugh Childers, waziri aliyesimamia jeshi la majini. Baba huyo alikuwa amemhamisha mwanawe kutoka manowari nyingine iitwayo Monarch ili apate heshima ya kutumika katika Captain. Monarch nayo ilikuwamo katika kundi lile lile, usiku ule ule, katika mawimbi yale yale. Monarch ilifika nyumbani salama.

Je, kwa nini chombo kimoja kilipinduka na mwenzake kikabaki wima? Swali hili si la Waingereza peke yao, wala si la watu wa zamani. Kila askari wa doria ziwani, kila mvuvi, na kila mama anayempakia mtoto mashuani kwenda kumwona bibi yake kisiwani, anayatia maisha yake mikononi mwa kanuni zile zile zilizoizamisha Captain. Yafaa basi kanuni hizo zifahamike.

NGUVU MBILI ZINAZOPIMANA

Chombo chochote kilicho majini kimeshikwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni uzito wake, pamoja na watu na shehena, unaokivuta chini. Uzito huo waweza kufikiriwa kana kwamba umekusanyika mahali pamoja. Mahali hapo na paitwe kitovu cha uzito. Nguvu ya pili ni msukumo wa maji, unaokiinua chombo juu. Huo nao hukusanyika mahali pamoja, yaani katikati ya ile sehemu ya chombo iliyozama.

Chombo kikiwa kimesimama sawa, nguvu hizo mbili hukabiliana katika mstari mmoja, nacho hutulia. Upepo unapoyasukuma matanga, chombo hulala upande mmoja. Hapo umbo la sehemu iliyozama hubadilika: ubavu mmoja huingia zaidi majini na ubavu wa pili huinuka. Kwa hiyo msukumo wa maji nao huhamia upande ule uliolala. Uzito unavuta chini mahali pamoja, maji yanasukuma juu mahali pengine, na nguvu hizo mbili kwa pamoja hukigeuza chombo kirudi wima. Umbali ulio baina yao ndio mkono unaokiinua chombo. Mkono ukiwa mrefu, chombo hurudi upesi. Ukiwa mfupi, hurudi kwa uzito. Ukitoweka, hakirudi tena.

Jambo la kuzingatia sana ni kwamba mkono huo haurefuki daima. Chombo kinavyozidi kulala ndivyo mkono unavyorefuka, lakini kwa kiasi fulani tu. Ukingo wa sitaha ukishaanza kuzama, hapana tena ubavu mkavu wa kuingia majini na kuongeza msukumo. Kuanzia hapo mkono huanza kupungua, hata ukafikia si kitu.

Hapo ndipo ilipofichika siri ya Captain. Kapteni Coles alitaka manowari yenye mizinga mikubwa iliyowekwa katika minara inayozunguka, na yenye ubavu mfupi ili adui asipate shabaha kubwa ya kuipiga. Kwa upande wa vita wazo hilo lilikuwa na maana. Lakini manowari hiyo ilitwekwa pia milingoti mirefu na matanga mengi, kwa kuwa mitambo ya mvuke ya siku zile ilikula makaa mengi mno katika safari ndefu. Isitoshe, wakati wa ujenzi uzito haukuangaliwa vyema, ikatoka nzito kwa tani zaidi ya 700 kuliko ilivyokusudiwa. Ubavu wake, ambao ungekuwa na mita 2.4 juu ya maji, ukabaki mita 2 tu. Ubavu wa Monarch ulikuwa na zaidi ya mita 4.

Hesabu zilizofanywa mwaka huo zilionyesha kwamba nguvu ya Captain ya kujiinua ilifikia kilele chake ilipolala nyuzi 21 tu, kisha ikapungua na kumalizika kabisa kwenye nyuzi 54. Nguvu ya Monarch iliendelea kukua mpaka nyuzi 40. Maana yake ni kwamba mahali ambapo Monarch ilikuwa ingali inakusanya nguvu, Captain ilikuwa imekwisha kuanza kushindwa.

Adhuhuri ya tarehe 6 Septemba, mkuu wa kundi lile, Admirali Milne, aliitembelea Captain, akaona kwa macho yake jinsi maji yalivyokuwa yakiufunika ukingo wa sitaha upande wa demani. Alirejea katika manowari yake jioni. Muda mfupi baada ya saa sita za usiku chombo kililala nyuzi 18. Nahodha akaamrisha matanga yashushwe haraka. Amri ilitoka, lakini kabla haijatekelezwa manowari ilikuwa imekwisha kwenda.

ASKARI NA MGUU PANDE

Mbunifu wa chombo cha tanga ana njia kuu mbili za kukifanya kisipinduke: upana, na uzito wa chini.

Njia ya upana kila askari anaijua kutoka uwanja wa gwaride. Aliyesimama mguu sawa, visigino vimekutana, aweza kuangushwa kwa msukumo mdogo wa bega. Aliyesimama mguu pande hatikisiki upesi. Chombo kipana nacho ni hivyo hivyo. Kikilala kidogo tu, msukumo wa maji huhamia mbali upande ule uliolala, na mkono wa kukiinua huwa mrefu mara moja. Abiria hukipenda chombo hicho, maana hakiyumbi wanapopanda wala wanapohama kiti.

Njia ya pili ni kuushusha uzito. Mabaharia wa pwani tangu zamani wametia farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ya ngama, ili jahazi lisilo na shehena lisilemewe na tanga. Waundaji wa mashua za mbio wamekwenda mbali zaidi: huning'iniza risasi au chuma chini ya mkuku wenyewe. Chombo cha namna hiyo hulala upesi upepo unapokipiga, na abiria mgeni huogopa. Lakini kinavyozidi kulala ndivyo ule uzito wa chini unavyozidi kuvuta, na mkono hauishi upesi. Baadhi ya vyombo hivyo vyaweza kulazwa hata mlingoti ukaligusa maji, vikarudi wima.

Kwa hiyo lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Kuyumba siyo kupinduka, na kutulia siyo usalama. Chombo kipana chenye chini bapa hutulia sana bandarini, lakini kina mpaka mkali: kikiupita, hupinduka kwa ghafula, na kikishapinduka, upana ule ule uliokuwa ukikishikilia wima sasa hukishikilia juu chini. Chombo chembamba chenye mkuku mzito huyumba mapema, lakini mpaka wake uko mbali. Mbunifu mwema hachagui njia moja na kuitupa nyingine. Hupima maji ambamo chombo kitatumika, na kazi kitakayofanya.

Bahari nayo haina sura moja. Katika mawimbi marefu ya bahari kuu chombo kipana hulala kwa kuufuata mteremko wa wimbi, kwa sababu hujaribu daima kuwa sambamba na uso wa maji. Wimbi likiwa kali na limeinuka kama ukuta, chombo nacho huinama pamoja nalo. Chombo chembamba chenye uzito chini hubaki kimeelekea juu, hata maji yakiinama pembeni mwake. Ndiyo sababu chombo kinachopendeza katika ghuba tulivu chaweza kuwa hatari nje ya mwamba.

FUNZO LA MBIO ZA MWAKA 1979

Mwezi Agosti 1979 jambo hilo lilidhihirika kwa huzuni. Mashua za tanga 303 zilianza mbio kutoka Cowes, kusini mwa Uingereza, kwenda kuuzunguka mwamba wa Fastnet karibu na Ayalandi na kurudi Plymouth. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba kubwa iliwakuta katikati ya njia. Mabaharia 15 wa mbio hizo walikufa. Mashua 24 ziliachwa na watu wake, na 5 miongoni mwake zikazama.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba makumi ya mashua yalipinduliwa, mengine yakazunguka kabisa na kusimama tena. Si upepo peke yake uliofanya hivyo. Yalikuwa mawimbi yaliyovunjika, yaani mawimbi ambayo kilele chake huanguka mbele kama ukuta wa matofali na kuupiga ubavu wa chombo. Majaribio yaliyofanywa baadaye kwa mifano midogo katika matangi ya maji yalithibitisha kwamba wimbi linalovunjika likipata kimo cha asilimia 30 tu ya urefu wa mashua, likaipiga ubavuni, laweza kuipindua. Likifika asilimia 60, ni chache sana zitakazostahimili. Mashua ya mita 10 basi yaweza kupinduliwa na wimbi la mita 3, iwapo limeipata vibaya.

Lakini tofauti ya umbo ilionekana hapo pia. Kanuni za mashindano ya siku zile zilikuwa zimewavutia wabunifu kuunda mashua pana, nyepesi, zenye tumbo la kina kifupi, kwa kutafuta mwendo. Baadhi yake zilipoteza nguvu ya kujiinua zikilala kiasi cha nyuzi 117 hivi. Zikipita hapo, zilibaki juu chini mpaka wimbi jingine lizigeuze. Mashua za umbo la zamani zaidi, nyembamba na zenye mkuku mzito, ziliweza kujiinua hata zikilala zaidi ya nyuzi 150. Katika daraja la mashua ndogo kuliko zote, ni moja tu iliyomaliza mbio zile, nayo ilikuwa ya umbo hilo la pili.

Liko na funzo jingine linalomhusu kila msafiri. Katika zile mashua 24 zilizoachwa, 19 zilikutwa baadaye zingali zikielea, ilhali baadhi ya waliozikimbia na kuingia katika viokozi vya mpira walikuwa wamekufa. Chombo kinachoelea, hata kikiwa kimejaa maji au kimelala ubavu, ni kimbilio kubwa kuliko kichwa cha mtu kinachoelea peke yake. Mbao haizami upesi. Anayeng'ang'ania chombo huonekana na waokozi. Anayeogelea kuelekea ufuo anaoudhania karibu, mara nyingi haonekani tena.

USUKANI NA MKUKU

Utulivu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni utii wa chombo kwa usukani, kwa maana chombo kisichotii hukutwa na wimbi upande kisipopaswa kuwa.

Mkuku mrefu, unaotoka omo mpaka shetri, hukishika chombo katika njia yake kama reli inavyolishika gari la moshi. Nahodha aweza kupumzisha mkono, na chombo huendelea mbele. Hasara yake ni kwamba hugeuka kwa uvivu, na katika mlango mwembamba wa bandari huhitaji nafasi kubwa. Mkuku mfupi na wenye kina hugeuka upesi kama ng'ombe mwenye nyuki sikioni, lakini humtaka mshika usukani awe macho kila dakika. Akisinzia, chombo kimekwisha kubadili njia.

Matanga nayo huamuru. Yakiwa yamewekwa nyuma mno, chombo hupenda kuelekeza omo yake upande wa joshi, upepo unakotoka. Kiasi kidogo cha tabia hiyo ni baraka, kwa kuwa mshika usukani akianguka au usukani ukimponyoka, chombo hujielekeza kwenye upepo, matanga hulegea na mwendo hupungua. Yakiwekwa mbele mno, chombo hukimbia upepo, na hapo kosa dogo huwa kubwa.

Hatari kubwa kuliko zote humpata nahodha anapokimbia mbele ya mawimbi yanayotoka nyuma. Wimbi huinua shetri, usukani hutoka majini au hupoteza mshiko, omo hujichimbia mbele, na chombo hupinda ghafula na kuuweka ubavu wake wote mbele ya wimbi linalofuata. Chombo chenye shetri pana mno na omo nyembamba mno hupatwa na jambo hili upesi zaidi. Dawa yake huanza mapema: kupunguza tanga kabla mwendo haujazidi.

Kuhusu tanga, hesabu moja yafaa ikaririwe hata na watoto. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya tanga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu ni mara tisa. Ndiyo sababu nahodha anayesema "na tungoje kidogo" mara nyingi hungoja kupita kiasi. Mabaharia wazee husema kwamba wakati wa kupunguza tanga ni pale unapolifikiria kwa mara ya kwanza.

HEKIMA YA WAUNDAJI WA KWETU

Asidhani mtu kwamba maarifa haya ni mali ya Ulaya. Katika pwani ya Afrika Mashariki mvuvi wa ngalawa alikwisha kulijibu swali la utulivu kwa namna yake. Gogo lililochongwa ni jembamba, lakwenda upesi, nalo peke yake lingepinduka kwa tanga dogo tu. Basi akalifungia miti kukingama, na mwisho wa kila mti akaweka ndubi, yaani ubao unaoelea, kushoto na kulia. Ngalawa ikitaka kulala, ndubi ya upande wa demani husukumwa juu na maji, na ile ya joshi huvuta chini kwa uzito wake. Mvuvi hupata upana bila ya kulipia uzito. Huo ni mguu pande uliotimia.

Ngalawa ina mpaka wake pia. Ndubi ikizamishwa na wimbi au ikavunjika, hakuna mkuku mzito wa kumwokoa mtu. Kwa hiyo mvuvi hodari humtuma mwenzake atambae juu ya mti wa upande wa joshi, mwili wake uwe farumi inayotembea.

Jahazi nalo lilijibu kwa tumbo la mviringo, shehena iliyopangwa chini, na tanga moja kubwa juu ya foromali. Tanga hilo huvuta vizuri sana upepo ukiwa thabiti, kama kusi na kaskazi zilivyo. Lakini kugeuza jahazi dhidi ya upepo ni kazi nzito, kwani foromali lazima ipitishwe mbele ya mlingoti. Ndiyo maana manahodha wengi hupenda kugeuka kwa kuupa upepo mgongo. Umbo lilifuata upepo wa mahali, na safari zikafuata misimu.

Katika Ziwa Viktoria mambo ni mengine. Mitumbwi ya Ssese, iliyoshonwa kwa mbao juu ya mkuku wa mti mmoja, ilikuwa mirefu na myembamba kwa ajili ya makasia, si kwa ajili ya matanga. Atakayetweka tanga juu ya umbo hilo hana budi akumbuke kwamba mwundaji hakulipima kwa mzigo huo wa juu. Maji ya ziwa nayo yana tabia zake. Mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana kwa karibu kuliko ya bahari, hivyo chombo hakipati muda wa kujiinua kabla ya pigo la pili. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka na kutoka bara kwenda ziwani, na ngurumo za radi huzuka juu ya maji usiku wa manane na alfajiri. Tena maji baridi ya ziwa ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa kiasi cha asilimia mbili na nusu hivi. Mzigo ule ule hukizamisha chombo zaidi kidogo ziwani kuliko baharini, na hicho kidogo hutoka katika ubavu mkavu, ambao ndio akiba ya uhai.

MZIGO NA ABIRIA

Mbunifu hufanya kazi yake mara moja. Anayepakia huifanya upya kila siku. Mashua iliyoundwa vizuri yaweza kuharibiwa na mpakiaji katika muda wa dakika kumi.

Magunia yakipangwa juu, kitovu cha uzito hupanda. Abiria wanaposimama wote pamoja, hupanda zaidi. Wanapokimbilia upande mmoja kutazama kitu au kuwahi kushuka, huhama. Maji yaliyoingia ndani nayo ni adui wa peke yake, kwa sababu hayatulii: chombo kikilala kushoto, maji hukimbilia kushoto, nayo huongeza kosa badala ya kulipunguza. Ndiyo sababu kopo la kuteka maji ni chombo cha kuokoa maisha kama ulivyo usukani.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, kikiwa kimekaribia kabisa kufika. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, lakini kilikuwa kimejaza watu wengi kupita idadi hiyo. Waliokufa walikuwa 228. Kivuko hicho hakikuwa cha tanga, lakini sheria ya maji haibagui tanga wala mtambo.

Yafuatayo basi yashikwe na kila jamaa inayosafiri majini:

1. Tazama ubavu kabla ya kupanda. Ikiwa maji yamekaribia ukingo chombo kingali kimefungwa bandarini, ngoja safari nyingine.
2. Mizigo mizito iwe chini na katikati, tena ifungwe. Gunia linaloteleza ni hatari kama maji yaliyomo ndani.
3. Keti, na watoto waketi. Kushuka kuwe kwa zamu, wala si kwa mbio.
4. Koti la kuokolea livaliwe tangu mwanzo wa safari. Halivaliki kwa urahisi ndani ya maji.
5. Chombo kikipinduka, kishike. Usikiache maadamu kinaelea.

JARIBIO LA NYUMBANI

Wazazi na watoto waweza kuyaona haya yote kwa kutumia karai la maji. Chukua kopo refu tupu, lizibe kwa kifuniko, uliweke majini likiwa limesimama. Litalala mara moja. Sasa tia mchanga kidogo ndani, uzibe tena. Litasimama, na ukilisukuma litajiinua. Hiyo ndiyo farumi. Weka kijiwe kizito juu ya kifuniko; litapinduka. Huyo ndiye abiria aliyepanda juu ya mizigo.

Kisha chukua kipande cha ubao kipana na chembamba. Ukibonyeza ukingo wake kidogo, hupanda tena kwa nguvu. Ukikigeuza juu chini, hutulia vile vile, wala hakirudi. Huo ndio upana bila uzito wa chini. Mwisho, tia vikombe viwili vya maji katika bakuli linaloelea, ulitikise, uone maji yanavyokimbilia upande uliolala. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake hatahitaji kufokewa ili aketi mashuani.

AMRI HAIONGEZI FARUMI

Kabla ya kufunga habari hii, yafaa itajwe manowari nyingine iliyotangulia kwa karne mbili na nusu. Mwaka 1628 Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi alikuwa akiingoja kwa hamu manowari Vasa, yenye mizinga 64 katika sitaha mbili. Kabla haijaondoka Stockholm, mabaharia 30 waliamrishwa kukimbia kwa pamoja toka ubavu mmoja hadi mwingine ili kuipima. Baada ya mara tatu jaribio lilisimamishwa, kwa sababu ilikuwa ikiyumba kwa namna ya kutisha. Hata hivyo, tarehe 10 Agosti iling'oa nanga. Ilikwenda kiasi cha mita 1,300, upepo mdogo ukailaza, maji yakaingia katika matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi, nayo ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikaa chini mpaka ilipoopolewa mwaka 1961, na leo yaonekana katika jumba lake la makumbusho.

Katika Vasa walikuwapo waliojua. Katika Captain pia walikuwapo: Edward Reed, mkuu wa ubunifu wa manowari, alikuwa ameonya mapema. Baraza la kijeshi lililoichunguza ajali hiyo lilikiri kwamba manowari ile ilijengwa kwa kufuata maoni ya umma na ya bunge, kinyume cha maoni ya wataalamu wenye dhamana. Na kama safari zake za kwanza zisingefaulu, pengine sifa zisingewatia watu wote usingizi. Kufaulu katika hali njema hakuthibitishi chochote kuhusu hali mbaya.

Askari amefundishwa kutii, na ni vyema. Lakini askari huyo huyo amefundishwa pia kutoa taarifa ya kweli kwa mkuu wake. Amri yaweza kukipeleka chombo majini. Haiwezi kuongeza jiwe moja la farumi chini yake, wala kuurefusha ubavu wake hata kwa unene wa kidole. Koplo anayesema, "Afande, mashua imezidi mzigo," na mkuu anayenyamaza, akatazama ubavu, kisha akaamuru magunia matano yashushwe, wote wawili wametimiza wajibu wao. Na huko kisiwani, kufikia jioni, watakuwako akina mama na watoto ambao hawatajua kamwe kwamba siku ile ilikuwapo hatari.